Ndoa ya maafisa wawili wa kupambana na ugaidi: nifanyeje iwe kiini cha taharuki ya riwaya?

Kalamu Mpya (mwuliza swali)

Ndugu zangu, nimekamilisha rasimu ya pili ya riwaya yangu ya kwanza, yenye sura 34, na ninaomba msaada wenu kwa jambo moja lililonishinda. Riwaya inawahusu mume na mke ambao wote wawili ni watumishi wa idara ya usalama, kitengo cha kupambana na ugaidi. Katika rasimu nimewaita majasusi. Mume hukutana na watoa habari na kuwasimamia. Mke ni mchambuzi wa makao makuu, anayesoma kila kinachoingia: simu zilizonaswa, miamala ya fedha, kumbukumbu za safari na ripoti za watoa habari. Kuna kundi la watu wanne linalopanga kulipua kituo cha treni, na masimulizi yanachukua siku 19, tangu dokezo la kwanza hadi siku ya shambulio.

Wasomaji watatu niliowapa rasimu wamenijibu karibu kwa maneno yale yale, kwamba wamesoma vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja. Sura za kazini zinakimbia, za nyumbani zinasimama. Pembeni mwa sura ya 12, ambamo wanandoa wanagombana kwa sababu ya mume kuchelewa kurudi, mmoja wao aliandika kwamba ugomvi huo ungeweza kutokea katika nyumba ya mtu wa kazi yoyote. Maneno hayo yaliniuma, lakini nilipoirudia sura nikaona kwamba anasema kweli.

Nimejaribu tiba mbili. Kwanza, katika sura ya 27 magaidi wanamteka mke, ili kazi na ndoa zikutane kwa nguvu. Pili, nimewaza kumgeuza mume awe msaliti, ingawa bado sijaiandika. Isitoshe, katika sura ya 30 mume anamtesa mshukiwa hadi anataja bomu lilipo, nalo linapatikana dakika chache kabla ya kulipuka. Wasomaji wote watatu waliipenda sura hiyo kuliko nyingine zote, nami ndiyo inayoninyima usingizi, kwa kuwa sijui kama nimeandika kweli au nimewapa watu walichozoea.

Basi ninauliza: ndoa hii niiwekeje ndani ya msuko ili msomaji akiiondoa, riwaya nzima ianguke?

Mhariri wa Miswada

Ndugu Kalamu Mpya, nimehariri riwaya za upelelezi kwa miaka kadhaa, na tatizo lako nimelikuta katika miswada mingi. Mwandishi huamini kwamba taharuki imo katika bomu, kisha huleta ndoa ili bomu liwe na mtu wa kuliogopa. Mimi naona taharuki ya riwaya ya kupambana na ugaidi imo mahali pengine kabisa: katika uamuzi wa nani aachwe, asifuatiliwe tena. Ukiupata uamuzi huo, ndoa yako itapata kazi ya kufanya.

Nieleze ninachomaanisha. Kumfuatilia mtu mmoja saa 24 bila yeye kutambua kunahitaji makumi ya watu: wa miguu, wa magari, wa zamu ya usiku, wa kusikiliza, wa kutafsiri. Hakuna idara duniani yenye watu wa kumtosha kila mshukiwa. Kwa hiyo kila wiki kuna mkutano ambamo majina hupandishwa na kushushwa katika orodha, na anayeshushwa hurudi kuwa mtu wa kawaida barabarani. Mwaka 2004 nchini Uingereza, wafanyakazi wa ghala la kukodi magharibi mwa London waliwaarifu polisi kuhusu kilo 600 za mbolea ya nitrati ya amonia ambayo mteja wao alikuwa ameihifadhi bila sababu ya kueleweka. Polisi hawakukimbilia kukamata. Waliiondoa mbolea kwa siri wakaweka kitu kisicholipuka, wakamketisha afisa mwanamke mapokezi akijifanya mwajiriwa wa ghala, wakaendelea kutazama hadi mwishoni mwa Machi walipowakamata wahusika. Watu watano walihukumiwa mwaka 2007. Hiyo peke yake ingetosha riwaya moja ya ushindi.

Lakini katika wiki zile za kutazama, watazamaji walipiga picha pia za watu waliokutana na washukiwa wakuu, na mmoja wao alikuwa Mohammad Sidique Khan. Alipimwa, akaonekana si wa kipaumbele, akaachwa. Tarehe 7 Julai 2005 aliongoza mashambulizi ya treni na basi mjini London yaliyoua watu 52. Uchunguzi wa vifo uliokamilika mahakamani mwaka 2011 haukuona kwamba kasoro za idara ndizo zilizosababisha vifo hivyo, na mimi sina sababu ya kumlaumu aliyefanya uamuzi ule akiwa na mafaili mengi na watu wachache. Mimi namfikiria mtu huyo akirudi nyumbani jioni ya tarehe 7. Anamwambia nini aliyelala naye kitanda kimoja?

Sasa turudi kwenye muswada wako. Mpe mke uamuzi huo. Siku ya 4, kwa sababu nzuri ambazo msomaji anazikubali, anashusha jina la mshukiwa mmoja katika orodha. Mume, kwa upande wake, ana mtoa habari anayemfahamu mtu huyo huyo kwa jina la utani tu. Kanuni ya kazi yao ni kwamba kila mmoja ajue linalomhusu pekee. Mke husoma ripoti za mtoa habari huyo zikiwa na namba badala ya jina, wala hajui kwamba mume wake ndiye anayemsimamia. Mume haijui orodha. Kila mmoja ana nusu ya picha, na nusu hizo mbili zinakaa kwenye meza moja kila usiku zikizungumzia bomba linalovuja. Msomaji anaziona zote mbili. Kuanzia hapo hutahitaji kuwakimbiza watu barabarani ili asome haraka, kwa maana kila wanaponyamaza, msomaji atatamani kupiga kelele.

Ugomvi wa sura ya 12 ubakishe, ila ubadilishe swali. Mke aulize, "Jumanne ulikuwa wapi?" Katika nyumba nyingine swali hilo ni la wivu. Katika nyumba hii kulijibu ni kosa la jinai, na wote wawili wanajua.

Kuhusu mume kuwa msaliti, ninakuomba usifanye hivyo. Msomaji wetu amelelewa na methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Atamshuku mume tangu ukurasa wa kumi, na utakapomfichulia atakuwa amekutangulia zamani.

Msomaji wa Usiku

Mimi ni msomaji tu, lakini nimesoma riwaya nyingi za aina hii, na nina neno moja kuhusu sura ya 27. Ukimteka mke, unampokonya kazi yake. Kwa sura 26 umetuambia kwamba huyu ni mtu anayeona mambo ambayo wengine hawayaoni, halafu unamfunga kwenye kiti ili mume apate hasira. Kuanzia hapo riwaya ni ya mume peke yake, na ndoa uliyotuahidi imebaki kuwa sababu ya mtu mmoja kupiga risasi. Tena magaidi wa kundi dogo la siri, ambao uhai wao unategemea kutoonekana, hawana faida yoyote ya kumteka afisa wa usalama siku chache kabla ya shambulio na hivyo kuwaamsha askari wa nchi nzima.

Neno jasusi nalo lipime upya. Kwangu mimi jasusi ni mtu anayeiba siri za nchi nyingine. Anayezuia mashambulizi nchini mwake ni afisa wa usalama, mpelelezi, au kachero kama unataka lugha ya mtaani kidogo. Na yule anayepeleka habari kutoka ndani ya kundi ni mtoa habari, ambaye katika istilahi za mashirika kama CIA ndiye hasa huitwa ajenti, si yule mwajiriwa anayemsimamia. Ukiyachanganya maneno haya, msomaji anayejua ataacha kukuamini mapema.

Wakili Msomaji

Nimeshughulika na sheria ya jinai kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu kuhusu sura ya 30, ambayo naona ndiyo yenye ufunguo wa swali lako lote, ingawa wewe umeitaja mwishoni.

Mandhari ya bomu linalohesabu dakika na mshukiwa anayesema kweli akipigwa yamejengwa juu ya dhana tatu kwa pamoja: kwamba mmemkamata mtu sahihi, kwamba anajua, na kwamba maumivu yatatoa ukweli wala si jibu lolote la kusimamisha maumivu. Katika maisha dhana hizo hazikutani kwa urahisi namna hiyo. Mwezi Desemba 2014 Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilichapisha muhtasari wa uchunguzi wake kuhusu mahojiano ya CIA, na hitimisho lake la kwanza lilikuwa kwamba mbinu hizo za mateso hazikuwa njia yenye ufanisi ya kupata taarifa za kijasusi. CIA yenyewe ilipinga sehemu ya hitimisho hilo, na haki inanitaka niseme hivyo. Ila mwandishi anayeweka mateso yanayofaulu bila gharama yoyote anachukua upande katika mjadala huo hata kama hakukusudia.

Gharama ya mahakamani ndiyo inayosahaulika zaidi katika riwaya. Chukua kesi ya Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshitakiwa kuhusiana na milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa na CIA mahali pa siri, akapelekwa Guantánamo mwaka 2006, na hatimaye kesi yake ikasikilizwa na mahakama ya kiraia New York mwaka 2010. Shahidi muhimu wa upande wa mashitaka alizuiwa na jaji, kwa kuwa serikali ilimfahamu shahidi huyo kupitia maneno ambayo mshitakiwa aliyatoa kwa kulazimishwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa shitaka moja la kula njama, na kumwachia kwa mashitaka mengine zaidi ya 280. Ni kweli kwamba shitaka hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha Januari 2011. Hata hivyo, familia zilizosubiri miaka 12 kusikia mahakama ikimtia Ghailani hatiani kwa mauaji hazikulisikia hilo, na sababu yake mojawapo ni kile kilichofanyika katika chumba ambacho wao hawakukiona.

Hata pasipo mateso, kujua na kuthibitisha ni vitu viwili. Uingereza, kwa mfano, sheria hairuhusu simu zilizonaswa na vyombo vya usalama kutumika kama ushahidi mahakamani, kwa hiyo afisa anaweza kuwa amemsikia mtu kwa masikio yake akipanga uovu na bado akakosa cha kumpelekea mwendesha mashitaka. Mke wako mchambuzi anaishi ndani ya pengo hilo kila siku. Mume, anayetaka kukamata leo, hawezi kulielewa vizuri. Hapo pana ugomvi wa ndoa ambao si wa kila nyumba.

Ningekushauri hivi: mateso yabaki, bomu lisipatikane. Mshukiwa ataje anwani yoyote ili apumzike, kikosi kiende huko, saa nne zipotee. Kisha ripoti ya mahojiano imfikie mke mezani ikiwa imesafishwa, bila jina la mhojaji wala maelezo ya jinsi maneno yalivyopatikana, kwa maana kazi yake ni kupima kama yanaaminika. Usiku huo amwone mume akiosha vyombo kwa mkono mmoja, na mwingine umevimba.

Kalamu Mpya (mwuliza swali)

Nimesoma majibu yenu mara tatu, na ninawashukuru kwa dhati. Sura ya 27 nimeifuta jana usiku. Mkono uliovimba umenifanya ninyamaze kwa muda mrefu, kwa sababu kwa mara ya kwanza nimeona jambo ambalo mke angeweza kulijua kwa sababu tu ni mke, na ambalo faili lolote lisingemwambia.

Nina swali moja lililobaki. Wanandoa hawa wana binti wa miaka tisa, na katika rasimu anaamini kwamba wazazi wake ni wahasibu. Msomaji mmoja aliniambia kwamba hilo haliwezekani, kwamba mtoto angejua. Je, ni kweli?

Mtafiti wa Historia

Ndugu Kalamu Mpya, linawezekana, na historia ina mifano inayopita ubunifu, ingawa mifano ninayoijua vizuri ni ya majasusi halisi kwa maana aliyoieleza Msomaji wa Usiku, wala si ya maafisa wa kupambana na ugaidi. Tofauti hiyo usiisahau: jasusi wa nchi ya kigeni humdanganya mtoto kuhusu yeye ni nani, ilhali wahusika wako wanamdanganya kuhusu kazi tu.

Mwezi Desemba 2022 walikamatwa Slovenia mke na mume, Anna na Artem Dultsev, waliokuwa wakiishi Ljubljana kama Waargentina, mke akiendesha jumba la sanaa la mtandaoni na mume kampuni ya teknolojia. Walikuwa Warusi. Waliporudishwa kwao katika mabadilishano ya wafungwa ya tarehe 1 Agosti 2024 kupitia Ankara, watoto wao wawili walikuwa hawajui Kirusi, na kwa mujibu wa msemaji wa Kremlin, walifahamu kwamba wao ni Warusi wakiwa ndani ya ndege. Kabla yao, mwaka 2010, walikamatwa Marekani Andrey Bezrukov na Elena Vavilova, waliokuwa wakitumia majina ya Kikanada. Kijana wao mdogo, aliyezaliwa Toronto, alipigania uraia wake wa Kanada hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipompa ushindi Desemba 2019. Kwa miaka kadhaa, jambo ambalo wazazi walilificha lilikuwa kesi ya mtoto.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi kwa ajili yako si wa watoto bali wa majirani. Morris na Lona Cohen, Wamarekani waliofanya kazi kwa Wasovieti, waliishi Ruislip, nje kidogo ya London, kwa jina la Kroger, mume akiwa muuza vitabu vya kale. Wapelelezi walipotaka kuwatazama, waliomba kutumia chumba cha familia iliyoishi ng'ambo ya barabara, na familia hiyo ilikuwa rafiki yao wa karibu. Hivyo majirani wale waliendelea kukaribishana chai na akina Kroger huku wakijua kwamba juu ya ngazi kuna mtu anayetazama. Akina Kroger walikamatwa Januari 1961, na chini ya sakafu ya jikoni ikapatikana redio ya kurushia ujumbe. Walihukumiwa miaka 20 kila mmoja na wakabadilishwa mwaka 1969. Ninachokuomba ukifikirie ni wale majirani, hasa wiki zile ambamo walitakiwa watabasamu.

Binti yako anaweza asijue kazi ya wazazi wake, lakini lazima awe anajua kitu: kwamba simu hazijibiwi mbele yake, kwamba safari hubadilika ghafla, kwamba baba akirudi huangalia barabara kabla ya kufunga mlango. Watoto wa namna hii hujifunza kutouliza. Mpe tabia hiyo, usimpe ugunduzi.

Mhariri wa Miswada

Naongeza jambo moja dogo, kwa sababu Wakili na Mtafiti wamesema mengi kuliko mimi. Usiwaruhusu wanandoa waunganishe nusu zao kwa bahati. Mmoja avunje kanuni kwa hiari, akijua adhabu yake, na avunje mapema kiasi cha kuwa na maana lakini si mapema kiasi cha kuokoa kila mtu. Siku ya 17 inanitosha. Nani avunje, hilo ni lako.

Kalamu Mpya (mwuliza swali)

Atavunja mke. Mume amezoea kuvunja kanuni, kwa hiyo kwake ingekuwa jambo dogo. Mke hajawahi kutoa karatasi moja nje ya ofisi kwa miaka 11.

Hivi ndivyo nitakavyoandika sura ya 30 upya. Mume yuko jikoni anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Mke anasimama mlangoni, anautazama ule mwingine, na anaelewa ni nani aliyeiandika ripoti aliyoipa alama ya kuaminika asubuhi ile, ripoti iliyokipeleka kikosi kwenye nyumba tupu. Hamuulizi kuhusu mkono. Anachukua kitambaa, anaanza kukausha sahani anazopewa, na baada ya sahani ya tatu au ya nne anamtajia jina la mtu aliyemwondoa kwenye orodha siku ya 4. Ni jina hilo tu, bila maelezo. Mume anafunga maji. Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi za shule mezani, anakusanya madaftari yake bila kuambiwa na kwenda chumbani.

Sura nitaikatia hapo. Siku mbili zinazobaki nimeshaanza kuziandika, na katika rasimu hii mpya kituo cha treni hakisalimiki chote.